Nataka kuwa daktari msaidizi, nianzie wapi?

*Nilipata C katika mtihani wa KCSE, na C hiyo hiyo katika Biolojia, Kemia na Kiswahili. Natamani kuwa daktari msaidizi. Jamaa mmoja anadai shilingi 20,000 anitafutie nafasi chuoni. Nimpe? – Binti wa Cheptais*

Binti yangu, usimpe hata shilingi moja. Nafasi za chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, KMTC, hupatikana kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, nawe unaweza kujaza maombi mwenyewe kwa simu. Daktari msaidizi siku hizi huitwa afisa wa kliniki, anayempima mgonjwa, kumwandikia dawa na kushona vidonda. Diploma yake huchukua miaka 3. Alama zako zinatosha, ila hakikisha ulipata angalau C- katika Hisabati au Fizikia. Kampasi za karibu ziko Bungoma, Webuye na Kitale, na mkopo wa karo waweza kuomba kutoka bodi ya mikopo ya wanafunzi, HELB.

Ukipendelea chuo cha binafsi, uliza kwanza Baraza la Maafisa wa Kliniki kama limekiidhinisha. Bila idhini hiyo hutapata leseni, hata ukifaulu vipi.

Unaposubiri, zungumza na afisa wa kliniki wa hapo karibu. Mwulize anavyomtuliza mtoto kabla ya kumtoboa kidole kupima malaria. Ujuzi huo nauthamini sana. Jamaa huyo anayedai pesa akizidi kukusumbua, piga ripoti polisi.