Chatu Kizimbani: Maswali Kuhusu Joto

Kanyangi, kaunti ya Kitui, kuna joto tayari. Chatu apashwe joto la nini?

Mchana hana haja. Ila chatu hajitengenezei joto mwilini kama mbuzi. Hulitafuta juani na kwenye mawe yaliyopata moto. Kati ya Juni na Agosti, usiku wa Kitui na Makueni hupoa kiasi cha kumfanya azubae. Baridi ikimkuta ametoka kumeza kuku, chakula hakisagiki, huanza kuoza tumboni, naye hukitapika. Ugonjwa wa mapafu nao hauko mbali: ukimsikia anakoroma, ukaona ute mdomoni na kinywa kimeachama, mwite daktari wa mifugo.

Nyuzi ngapi zinamtosha?

Upande mmoja uwe na nyuzi 32 hivi, wa pili 25 au 26. Tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe. Chatu aliyeshiba huenda penye joto, akitosheka anarudi penye ubaridi. Ukilisawazisha joto kila pembe, hata liwe nyuzi 30 nzuri kabisa, umemnyima uchaguzi. Huko Afrika Kusini, chatu jike mwenye mayai ameonekana akiota jua hadi mwili wake ukakaribia nyuzi 40, kisha akarudi shimoni kuyazungushia mayai joto hilo. Yeye alikuwa na njia ya kuondoka juani. Wa kizimbani hana, asipowekewa.

Kizimba kikubwa kinapashwaje?

Kwa chatu wa mita 3, sakafu iwe angalau plaiwudi moja nzima, futi 8 kwa 4. Plaiwudi hushika joto kuliko kioo, na wavu mtupu juu ni hasara, kwa sababu joto hupanda likatoroka. Acha matundu machache ya hewa ubavuni. Darini, upande mmoja tu, funga paneli ya joto au hita ya kauri. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Zimeundwa zitoe mwanga kwa umeme kidogo.

Hita isiwashwe bila thamostati. Kihisi chake kikae karibu na anapolala nyoka, kwani kikiwa darini kitakudanganya. Zungushia hita wavu imara: chatu anaweza kujiviringisha juu ya kitu cha moto akatulia hapo mpaka ngozi iungue. Mawe ya umeme yanayouzwa kwa ajili ya reptilia, mimi nisingeyanunua. Weka pia beseni la maji la kumtosha aingie, maana joto hukausha hewa na nyoka akashindwa kujivua gamba vizuri.

Na bili ya umeme?

Hita ya wati 100 ikiwaka saa 10 hula uniti moja. Thamostati ikiizima mara kwa mara, inapungua. Umeme ukipotea usiku, funika kizimba kwa blanketi, uweke ndani chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa gunia, na usimlishe hadi joto lirudi. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hapana kabisa: hewa yake ya sumu haina harufu, na itawaua watu pamoja na nyoka.

Kwa kweli, Kanyangi ningehofia zaidi paa la mabati saa nane mchana. Baridi humdhoofisha chatu polepole. Joto kali humuua siku hiyo hiyo. Kizimba kikae kivulini.

Nimfuge niliyemkuta shambani?

Hapana. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamtaka anayefuga mnyama wa porini awe na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS). Chatu akiingia kwenye banda la kuku, piga simu kwao, usimshike wala kumuua. Mwenye nia ya kweli ya kufuga aanzie Nairobi Snake Park, iliyofunguliwa 1961, au shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu, iliyoanza 1980, awaulize watunzaji kuhusu hita na wavu kabla ya kununua plaiwudi.