Homa Imekwisha, Kikohozi Kimebaki



Mutoto alishikwa na gripe. Homa ilimuchoma siku 3, kamasi ikatoka, kisha akapata nguvu na kurudi kucheza inje. Lakini kikohozi hakimuachi. Usiku anakohoa, asubuhi anakohoa, hata akicheka anakohoa. Jirani mumoja anasema: «Iyi kikohozi haiishe, umupeleke wamupige shindano.» Mwengine anasema: «Umupe tu siro.» Katika somo hili tutajifunza kikohozi cha namna hii kinatoka wapi, ni wakati gani mama anaweza kungojea, na ni wakati gani hapaswi kungojea hata usiku mumoja.

1. Juu ya nini kikohozi kinabaki?

Gripe inaletwa na virusi, ni kusema vidudu vidogo sana visivyoonekana na macho. Virusi vinaingia katika pua na koo, vinashuka mpaka njia za pumzi ndani ya kifua. Njia hizo ziko na ngozi laini na vinyweleo vidogo sana. Vinyweleo vinafanya kazi kama ufagio: vinafagia vumbi na makohozi na kuyapandisha juu. Virusi vinaharibu ngozi ile na ufagio ule.

Angalia mutu aliyechomwa na moto ku mukono. Moto umezimika zamani, lakini kidonda kingali kinauma kikiguswa. Vivyo hivyo ndani ya kifua. Virusi vimekwisha kwenda, lakini njia ya pumzi ingali na kidonda. Moshi ukiigusa, mutoto anakohoa. Baridi ikiigusa, anakohoa. Ngozi inahitaji majuma ili ikomae tena. Watoto wengi wanapona ndani ya majuma 3, na kikohozi kinapunguka juma kwa juma. Kama mutoto anakula, anacheza na anapumua vizuri, kikohozi hicho ni alama ya kidonda kinachopona.

2. Mambo matatu ya kuangalia

Usihesabu kikohozi. Angalia pumzi, kilo na siku.

Pumzi. Ngojea mutoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Pandisha nguo yake, angalia kifua, na uhesabu pumzi dakika 1 nzima kwa saa ao kwa telefone. Pumzi ni za mbio kama zinafika:
– 60 ao zaidi, kwa mutoto wa chini ya miezi 2;
– 50 ao zaidi, kwa mutoto wa miezi 2 mpaka 11;
– 40 ao zaidi, kwa mutoto wa mwaka 1 mpaka 5.
Pumzi za mbio ni alama ya nimonia, ugonjwa wa mapafu unaoua. Mulete siku ileile.

Kilo. Mutoto anayekohoa lakini kilo zinapanda, tumaini ni kubwa. Mutoto anayekohoa na kilo zinashuka, ao zinasimama fasi moja, anataka kuangaliwa na muganga. Ndiyo sababu tunakuomba usikose siku ya kupima.

Siku. Kikohozi kikifika majuma 2, ulete mutoto apimwe. Si kusema kwamba amekwisha kuharibika. Ni kwa sababu kifua kikuu kinaweza kujificha nyuma ya kikohozi kilichoanza kama gripe, zaidi kama mutu mukubwa katika nyumba anakohoa pia. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure. Wewe pia mama, na baba, mukikohoa majuma 2, mupimwe.

3. Kimbia ku hospitali, hata kama ni usiku

– Nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani wakati mutoto anavuta pumzi.
– Hawezi kunyonya wala kunywa, ao anatapika kila kitu.
– Midomo inakuwa na rangi ya bluu ao ya majivu.
– Anashikwa na degedege, ao analala sana na hawezi kuamshwa vizuri.
– Homa ilikwisha, kisha inarudi na nguvu.
– Kikohozi kilianza mara moja wakati alikuwa anakula karanga ao anacheza na kitu kidogo. Hiyo si gripe: kitu kinaweza kuwa kimeingia ndani ya njia ya pumzi.

Kwa mutoto wa chini ya miezi 2, kama anapumua vibaya ao amekataa ziwa, usingojee alama ingine.

4. Surua inaacha mapafu zaifu

Kati ya magonjwa ya virusi, surua ni mubaya sana. Katika epidemi ya mwaka wa 2019 na 2020, inchi yetu ilipoteza watoto zaidi ya 7,000. Mara nyingi surua haiue kwa upele. Inaua kwa nimonia inayokuja wakati mama anafikiri mutoto amepona. Surua inaharibu pia nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa, na nguvu hiyo inakawia miezi mingi kurudi. Basi mutoto aliyetoka katika surua, umuangalie pumzi zake kila siku, na uhakikishe amepewa vitamini A. Chanjo ya surua inatolewa kwa miezi 9. Angalia karti yake leo.

5. Kazi ya mama nyumbani

Munyonyeshe mara nyingi zaidi. Anayekula, umupe chakula kidogo kidogo mara nyingi: uji wenye unga wa karanga, bukari na maharagi, sombe na ndagala. Umupe maji ya vuguvugu. Aliyepita mwaka 1 anaweza kulamba kijiko kidogo cha asali mbele ya kulala. Asiyefika mwaka 1 asipewe asali hata kidogo.

Usinunue antibiotiki ku soko. Antibiotiki inaua bakteria, haiue virusi. Lakini kama muganga ameiandika kwa sababu ya nimonia, mutoto aimalize yote. Siro za kikohozi hazifae kwa watoto wadogo; zingine zinalalisha mutoto na kuficha alama za hatari.

Tena, mama wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi, sikia neno hili. Katika mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya Lubumbashi inakuwa kali, na wengi wanaingiza mbabula ndani ya chumba cha kulala. Usifanye hivyo. Moshi unarudilia kidonda cha kifua. Na hata makala yasiyotoa moshi yanatoa hewa mubaya isiyo na harufu, inayoweza kuua nyumba nzima katika usingizi. Pika inje. Mutoto apate joto kwa blanketi na kwa mwili wako. Mwenye kuvuta tumbako, avute mbali na nyumba. Ukifagia, nyunyiza maji kwanza juu ya vumbi.

Maulizo ya kujibu pamoja

1. Juu ya nini mutoto anaendelea kukohoa wakati homa imekwisha?
2. Mutoto wako iko na miezi ngapi? Pumzi ngapi katika dakika 1 ni za hatari kwake?
3. Nani katika nyumba yako anakohoa zaidi ya majuma 2?
4. Usiku wa leo, mbabula yako italala wapi?

Mbele ya kurudi nyumbani, hesabu pumzi za mutoto wako hapa, pamoja na muganga, ili mukono na macho yajue kazi hii kabla ya siku ya hatari.