Somo: Mtoto awe salama kanisani

Ndugu viongozi na wazazi, vita inapotukimbiza, wengi wetu hulala kanisani. Hata humo, mtoto aliyepotezana na wazazi, mjane au mzee asiyeona anaweza kutendewa ubaya. Basi tushike haya:

1. Mtu mzima asijifungie chumbani na mtoto wa mwenzake.
2. Mtoto akisema ameumizwa, tumsikilize bila kumlaumu.
3. Aliyebakwa afikishwe kituo cha afya kabla ya masaa 72, yaani siku 3, apate dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi.
4. Ubakaji haumalizwi kwa mbuzi au pesa kati ya familia. Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, hata mkosaji akiwa mchungaji.

Tujadiliane: Kanisani kwetu, mtoto akiumizwa atamwambia nani?