Uyoga wa Mchwa: Chimba, Using'oe



Mvua za kwanza za masika zikianguka, akina mama na watoto huonekana alfajiri wakizunguka vichuguuni na vikapu mkononi. Mwezi huu somo letu si la mahindi wala ng'ombe wa maziwa. Ni la chakula ambacho hukukipanda, nacho ni uyoga. Naliandika kwa sababu ya mambo mawili yaliyonipata mwenyewe, moja baya na moja jema.

Nianze na lile baya. Miaka michache iliyopita niliona uyoga mkubwa mweupe katika majani ya malisho karibu na nyumba yangu. Ulikuwa umeota kwa duara, mnene, wa kupendeza macho. Nilijisifu mbele ya watoto ya kuwa baba yao amesoma, naye anajua chakula. Tukaupika kwa kitunguu na maziwa. Hazikupita saa tatu, nyumba nzima tulikuwa nje gizani tunatapika, na mtoto wetu mdogo aliharisha mpaka kukakucha. Tulipona sote, lakini usiku ule sitausahau.

Jambo jema lilitokea Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, huku kwetu upande wa Lugari. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi nilishika jembe nikaenda kusawazisha kichuguu kilicho katikati ya shamba langu, nipate nafasi ya mistari miwili zaidi ya mahindi. Nyanya mmoja, jirani yetu, akanikuta nimeinua jembe.

"Karani," akasema, "weka hilo jembe chini. Ita watoto, na mmoja abebe kikapu."

Nikamwambia, "Nyanya, leo nina kazi."

"Kazi ya kuvunja ghala?" akajibu, na tayari amekwisha kutangulia mbele.

Basi siku yangu ikageuka hivyo. Tulipita vichuguu vya majirani, kwa ruhusa yao, watoto wakishindana kuona kwanza. Mwanangu alipouona uyoga wa kwanza, kofia yake ya rangi ya kahawia imechongoka katikati kama ncha ya mkuki, aliushika akauvuta. Ukakatika. Nyanya akampiga kofi dogo la mkono.

"Usiung'oe! Ukiung'oa, ushahidi umebaki ardhini."

Akatwaa kijiti chenye ncha, akachimba polepole kuuzunguka uyoga mwingine. Shina lake halikuishia juu ya udongo. Lilishuka, likazidi kuwa jembamba kama mkia wa panya, likaingia ndani kiasi cha mkono wangu tangu vidole mpaka kiwiko, na bado lilikuwa linaendelea.

Hapa ndipo penye somo. Mzizi huo unatoka katika shamba la mchwa. Mchwa wa aina hii hutafuna majani makavu na miti iliyokufa, kisha hujenga chini ya ardhi masega yanayofanana na sifongo. Juu ya masega hayo hustawisha kuvu ambalo huwasagia chakula kigumu wasichoweza kukimeng'enya peke yao. Mvua ikilowesha ardhi, kuvu hilo hupeleka uyoga juu. Ile ncha ya kofia ndiyo inayotoboa udongo. Mtaalamu Mfaransa, Roger Heim, aliuita Termitomyces mwaka 1942. Wengi wamejaribu kuukuza bila mchwa, lakini mpaka leo haujawa zao la kupandwa. Mkulima wake ni mchwa tu, nawe ukikiua kichuguu, umemfukuza mkulima huyo.

Ule uliotutapisha huitwa Chlorophyllum molybdites. Huota katika majani ya malisho na viwanja, una magamba ya kahawia juu ya kofia na pete shinani, wala hauna mzizi mrefu. Ukigeuza kofia utaona vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Ukikomaa, kurasa hizo huwa na rangi ya kijani iliyofifia. Lakini ukiwa mchanga ni nyeupe kabisa, na ndivyo nilivyodanganyika.

Kwa hiyo fanya jaribio hili, ambalo hata mtoto wa shule aliweza. Kata kofia iliyofunguka, ilaze juu ya karatasi nyeupe, kurasa zikitazama chini, uifunike kwa bakuli mpaka kesho yake. Itaacha vumbi. Vumbi la uyoga wa mchwa huelekea rangi ya waridi, na la ule mbaya ni kijani. Lakini rangi ya waridi peke yake haitoshi, kwa maana kuna uyoga wa sumu wenye vumbi la namna hiyo. Yakupasa upate vyote viwili, mzizi mrefu na vumbi la waridi, na mtu mzima aliyeuzoea awepo. Wapo pia ule mdogo sana unaotapakaa kwa mamia kama punje, nao ni wa mchwa lakini hauna mzizi mrefu. Huo niliachia macho ya Nyanya, na wewe ufanye vivyo hivyo.

Kuchimba kuna faida nyingine. Uyoga uitwao Amanita phalloides, uliotoka Ulaya ukafika Afrika Kusini pamoja na miche ya miti, una kikombe chini ya shina, ndani ya udongo. Anayeukata juu hakioni. Huo huua. Mlaji hukaa saa sita au zaidi bila kuumwa, kisha hutapika na kuhara, kisha hupata nafuu ya uongo, huku ini linaharibika. Kuuchemsha hakuondoi sumu. Wala msiamini kijiko cha fedha, kitunguu saumu, au maneno ya kwamba mdudu ameula naye hakufa. Tumbo la mdudu si letu.

Mtu akiumwa baada ya kula uyoga, apelekwe hospitali mara moja, hata akisema amepata nafuu, na mabaki ya uyoga yachukuliwe pamoja naye. Tena usichume penye kichuguu kilichotiwa dawa ya kuua mchwa.

Tulirudi saa nane na kikapu kimejaa. Nyanya aliuosha, akaurarua kwa vidole, akaupika kwa chumvi na maji kidogo, kisha maziwa ya mgando. Tulikula na ugali mpaka sufuria ikalia. Uliobaki ulianikwa juani.

Kichuguu changu bado kipo. Mahindi nimeyapanda kukizunguka.