Mtoto wa Malaba Ana Walimu Wangapi?

Ametufundisha Mtume (S.A.W.) kuwa kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, kisha wazazi wake ndio wamgeuzao. Nasi watu wa pwani tukadhani kuwa malezi huishia nyumbani na chuoni. La, hayaishii hapo.

Tutazame Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako malori yatokayo Mombasa hungoja kuvuka. Mwaka 2020, wakati wa korona, foleni ilifikia makumi ya kilomita, na madereva wakalala njiani siku kadhaa. Mtoto wa hapo hufunzwa adabu na mamake, na herufi na mwalimu wake. Lakini Uislamu wa watu wazima, ikiwa jirani zake wengi si Waislamu, huuona kwa nani? Kwa dereva wetu. Akimwona ametandika mswala kivulini mwa lori, hilo ni somo. Akimwona yule yule, kofia kichwani, akipenyeza noti ili apite mbele ya wenziwe, hilo nalo ni somo, tena (twaona haya kulisema) ndilo likaalo zaidi, maana halikusomeshwa kwa fimbo.

Basi tulalamikapo kuwa watu wa bara hawaijui dini, je, tumewauliza waume na wana wetu, warudipo safari, wamesomesha nini huko?