SELI ZILIZOKATAA KUFA

Mwaka huu mwenzangu mmoja darasani alinichokoza. Alidai eti Kiswahili ni lugha ya mashairi na methali tu, sayansi tuiachie Kiingereza. Siku hiyo nilinyamaza. Jibu langu ndilo hili.

Nianze kwa swali. Je, ni vizuri seli za mwili kufa? Wengi wetu tungesema la. Kumbe kila siku mabilioni ya seli zetu hufa kwa utaratibu, bila maumivu wala usaha! Mwaka 1972 wataalamu Kerr, Wyllie na Currie waliliita jambo hili apoptosi, neno la Kigiriki lenye maana ya kudondoka, kama majani ya mti. Seli hunywea, hujigawa vipande vidogo, na seli jirani huvimeza vipande hivyo.

Sasa tutazame seli T, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu. Huzaliwa katika uboho wa mifupa, hukomaa katika tezi ya thaimasi kifuani, kisha huzunguka mwilini zikiwinda viini vya magonjwa. Ukiugua, seli T zinazomtambua adui huyo huongezeka sana. Ukipona, nyingi hazina kazi tena, kwa hivyo huamriwa kufa.

Chukueni mfano wa bweni. Kila mwaka Kidato cha Nne wakimaliza mtihani hufunga masanduku wakaenda zao, na vitanda vikapata wenyewe wapya. Hebu fikirieni wakikatalia pale! Hata kama shule haijazidisha idadi ya wanafunzi wapya, baada ya miaka michache hakuna pa kulala. Ndivyo ilivyo katika saratani iitwayo limfoma ya ngozi ya seli T. Tumezoea kuambiwa saratani ni seli kuzaana ovyo. Katika ugonjwa huu, hasa mwanzoni, seli hazizaani kwa kasi. Tatizo kubwa ni kwamba hazitoki.

Aina inayopatikana zaidi ilielezwa na daktari Mfaransa, Alibert, mwaka 1806. Aliipa jina la uyoga kwa sababu uvimbe wake ulimkumbusha uyoga, ingawa haina uhusiano wowote na kuvu. Mwaka 1938 Mfaransa mwingine, Albert Sézary, pamoja na mwenzake, walieleza aina kali ambayo seli hizo huenea katika damu, na ngozi karibu yote huwa nyekundu na kuwasha.

Je, seli hizi hukwepaje kifo? Zina hila tatu.

Kwanza, huondoa kengele. Juu ya seli T kuna kipokezi kiitwacho Fas. Kikiguswa na protini mwenzake, amri ya kufa huingia ndani, na vimeng'enya viitwavyo kaspesi huanza kuikatakata seli. Seli nyingi za limfoma hii zina Fas haba, au hazina kabisa. Kwa baadhi ya wagonjwa jeni ya Fas ni nzima, lakini imebandikwa alama za kemikali zinazoifunga isisomwe.

Pili, humzuia mjumbe. Kengele inaweza kuwepo na ikalia, lakini ndani kuna protini iitwayo FLIP inayokalia nafasi ya kaspesi ya kwanza. Amri inaishia mlangoni.

Tatu, huziba njia ya nyuma. Seli inaweza kufa pia mitokondria zake zikivujisha protini inayoamsha kaspesi. Protini iitwayo Bcl-2 huzuia uvujaji huo. Katika seli hizi swichi iitwayo STAT3, ambayo kwa kawaida huwaka kwa muda tu, hubaki imewaka, na Bcl-2 huendelea kutengenezwa.

Madaktari nao hawakulala. Mwaka 1987 Edelson na wenzake, Marekani, walieleza tiba ya kumpa mgonjwa dawa ya kumeza, kutoa damu, kuzimulika chembe nyeupe kwa miale ya urujuanimno na kuzirudisha mwilini. Mwaka 2006 Marekani iliidhinisha vorinostati, dawa inayolegeza jinsi nyuzi za jeni zilivyofungwa, na kuzisukuma seli hizi kwenye kifo.

Wenzangu, msitishike. Ugonjwa huu ni nadra, na wengi wanaougundua mapema huishi miaka mingi. Ila mwanzoni hufanana na choa au ukurutu, na kwa ngozi nyeusi kama yetu mabaka mara nyingine huwa meupe kuliko sehemu nyingine. Baka likikaa miezi bila kusikia dawa, usiendelee kupaka tu. Nenda hospitali, daktari akate kipande kidogo cha ngozi kipimwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nawe mwenzangu uliyenichokoza, umesoma mpaka hapa na umeelewa. Kwa lugha gani?