Neno Moja Kwenye Karatasi: "Relinquish"

Kusoma: Mwanzo 13:5-12, Matendo 5:1-4

Wiki hii nawaletea neno la Kizungu, na mnivumilie, kwa sababu limeninyima usingizi.

Baba yetu alipofariki tulibaki na shamba. Wakili akaandaa karatasi za urithi, na dada yangu mkubwa akanipigia simu nikiwa kwenye jam ya Argwings Kodhek. "Pasta, hapa wameandika relinquish. Maana yake nini?" Nikamjibu mbio mbio: "Ni kuachilia tu, dada. Ni ile ya kusamehe." Akatia sahihi. Digrii yangu ni ya biashara. Hilo neno nililijua vizuri sana. Na fungu lake lilikuwa linakuja kwetu ndugu zake wa kiume.

Sasa tulielewe. Relinquish si neno la mtaani. Makanga hakuambii u-relinquish kiti, anakuambia songa. Ni neno la mikataba, na huandamana na haki, dai, cheo au umiliki. Limetoka Kilatini, kwa maana ya kuacha nyuma. Lakini "kuacha" peke yake haitoshi: ukiacha mwavuli kwenye matatu umesahau tu. "Kusalimu amri" nayo imezidi, hapo kuna mkuki shingoni. "Kuachilia" ndiyo inakaribia: mkono ulioshika unafunguka wenyewe.

Kwa hivyo kitu lazima kwanza kiwe chako, na ujue ni chako. Sultani wa Zanzibar alipoachilia ukanda wa pwani wa maili 10 mwaka 1963 uwe sehemu ya Kenya, Waingereza walikuwa wakimlipa kodi ya ukanda huo tangu 1895. Yaani walikubali ni wake.

Tazama Abramu. Ndiye aliyekuwa mkubwa, na ahadi ya nchi alipewa yeye, lakini akamwambia Lutu achague kwanza. Mkubwa alimfungulia mdogo mkono. Lutu hakumletea fomu. Kwetu tulikuwa tumegeuza mambo: wenye nguvu tunamwomba mwenye kidogo aachilie, halafu tunaweka neno la kiroho juu yake.

Na Petro alimkumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa lake kabla ya kuuza, na pesa zilikuwa mkononi mwake baada ya kuuza. Hatukumbuki sehemu hiyo. Anania tunamtumia kutisha watu waongeze sadaka.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haimgawii mwana zaidi ya binti. Fungu la dada si zawadi kutoka kwa kaka zake. Hiyo nayo nilijua.

Karatasi zilikuwa hazijafika kortini. Nilichukua ile yake kwa wakili, na Jumamosi nikaenda kwake, nikamsomea kila mstari kwa lugha ya nyumbani. Nikamwambia nilimdanganya. Akanyamaza muda mrefu.

"Kumbe ilikuwa yangu?"

"Ilikuwa yako, dada. Bado ni yako."

Akaikunja karatasi, akaiweka kwa kabati pamoja na kitambulisho cha mama, akaniuliza kama nimekunywa chai. Hajaniambia atafanya nini, nami sijamuuliza.